Kuku wa Boksi na Koti la Reli

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa koti langu la reli, lile la kaki lenye vifungo sita vya shaba, kwamba sijaongeza chumvi hata punje moja. Anayebisha apande gari mpaka Njombe, aulizie nyumba ya mwalimu Feliciana. Ataonyeshwa, na akifika atapewa chai, maana siku hizi mwenye nyumba anacheka.

Juni ya mwaka tisini na sita hakuwa anacheka. Alikuwa na mimba ya miezi sita na hasira ya miezi tisa.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na umri huohuo, miezi sita, na hii ya pili ilikuwa imemkataza kula. Si kwamba hakuwa na njaa. Njaa alikuwa nayo, tena ya kumtoa machozi. Tatizo lilikuwa harufu. Kitunguu kikigusa mafuta nyumba ya tatu, yeye huku anakimbilia uani. Ugali ukisongwa, anatoka nje na shuka lake begani akasimame kwenye umande. Maharage yakianza kutokota, asimsemeshe mtu. Mumewe, Shadrack, alikuwa Liganga na watu wanaopima mawe ya chuma, na kila juma alituma barua yenye salamu nyingi na agizo moja: kula. Feliciana alikuwa akiwashia moto barua hizo, kisha moto wenyewe unamtapisha.

Kliniki, nesi Beatrisi alimpandisha kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama tena mizani.

"Mwezi jana ulikuwa hamsini na nane. Leo hamsini na sita. Mwalimu, huyo mtoto anakula nini humo ndani?"

"Ananila mimi."

"Na wewe ukiisha, atamla nani?" Beatrisi hakuwa anatania. "Nakupa wiki tatu. Kilo zisipopanda nakulaza wodini, na wodini ni ugali na maharage, mchana na jioni."

Nyumbani nako alikuwepo mama mkwe wake, Telesia, aliyekuja na mumewe kutoka Makete kumwangalia mkwe. Mama mwema, ila kichwani alikuwa na orodha. Mayai asile, mtoto atazaliwa hana nywele. Maini asile, mtoto atakuwa na madoa. Asile amesimama mlangoni, mtoto atakwama.

"Mama, kwa hiyo nile nini?"

"Chochote roho inachotaka, mwanangu. Isipokuwa hivyo."

Sasa, roho ilikuwa inataka kitu, na kitu chenyewe kilikuwa Makambako.

Mwezi wa tano Feliciana alikwenda huko kwenye semina ya walimu, akapita dukani kwa Abdulsalam, baba wa Yasmini aliyekuwa mwanafunzi wake. Miaka hiyo ya soko huria Makambako ilikuwa imefunguka kama gunia lililokatwa kamba. Malori ya kutoka nchi za kusini yalimwaga pale sabuni, redio, viatu vya mtumba, na vitu ambavyo watu walivinunua kwanza ndipo wakauliza ni vya nini. Abdulsalam alikuwa amenunua friza pana kama kitanda cha watu wawili, na ndani yake kulikuwa na boksi: wali, kuku na njegere, vimepikwa hukohuko kusini, vimepangwa kwenye sinia la karatasi ya fedha na kugandishwa mpaka vikawa kigae. Unaweka sinia kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, unafunika, unangoja. Hakuna kitunguu cha kukaanga wala moshi. Mke wa Abdulsalam alimpashia moja. Feliciana akala, akangoja tumbo liseme. Halikusema kitu. Akala la pili.

Tangu siku ile alikuwa akilitaja boksi lile kama watu wanavyomtaja ndugu aliyehamia mbali.

Kwa hiyo aliposhuka kwenye mizani aliuliza waziwazi: chakula cha kugandishwa, mwenye mimba anaruhusiwa?

"Chakula si tatizo," Beatrisi alisema. "Tatizo ni safari. Kikitoka kwenye friza kigumu kama jiwe, kikafika kigumu kama jiwe, ukakipasha mpaka mvuke utoke katikati, si pembeni tu, kula. Ukibakiza usiweke cha kesho. Lakini kikiyeyuka njiani kikashinda na joto, vijidudu vimeshazaliana. Ukikigandisha tena havifi, vinalala tu. Na kwa mwenye mimba havihangaiki na mama, vinamtafuta mtoto. Kilichoyeyuka hakigandishwi tena. Umesikia?"

"Nimesikia. Mimi ni mwalimu."

"Ndiyo maana narudia. Walimu mnapenda kusema, kusikia hampendi."

Ikabaki nani wa kwenda. Idda, jirani muuza soda, alikuwa na friza na alikubali kuhifadhi boksi sita. Feliciana alikuwa na vipindi, na barabara ya mashimo Beatrisi alimkataza. Hapo ndipo baba mkwe, Mzee Nahumu, alipokohoa kule kwenye kigoda chake na kusema kazi hiyo ni yake.

Nahumu alikuwa mstaafu wa reli. Kusoma hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa tiketi na maandishi ya magunia, na kusema uongo hakufundishwa na mtu pia. Kwa maelezo yake, kwao Makete ng'ombe wakikamuliwa mwezi wa saba maziwa hutoka yakiwa vipande, yanabebwa kwa gunia. Kwa maelezo yake, aliwahi kusimamisha treni ya mizigo kwa kuitazama tu kwa jicho baya. Kila akimaliza hadithi alishika kifungo cha juu cha koti lake la reli na kuapa. Koti lile alilivaa shambani, kanisani na mezani, na Telesia alisema akifa watamzika nalo kwa kuwa hakuna atakayeweza kulivua.

Feliciana hakuwa na njia ya kumkatalia. Kwa desturi ya nyumba ile, mkwe na baba mkwe hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Neno linapita kwa Telesia, hata kama wote watatu wamekaa jiko moja na magoti yanakaribia kugusana.

"Mama, mwambie baba aende Jumatatu, arudi Jumatatu."

"Baba Shadrack, mkweo anasema uende Jumatatu urudi Jumatatu."

"Nimesikia, sikio ninalo. Mwambie enzi zangu za reli nilikuwa natoka Mlimba asubuhi..."

"Mama, mwambie baba asisimame popote. Akishanunua apande gari."

"Anasema usisimame popote."

"Mwambie nitakwenda kama risasi."

Feliciana akatafuta kasha la mbao, akaliwekea maranda ya kiwandani mpaka nusu, akaeleza kupitia kwa mama mkwe kwamba boksi zizikwe humo katikati na kufunikwa na maranda mengine, na kwa saa mbili za safari hazitayeyuka. Akarudia maneno ya Beatrisi yote. Nahumu aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza mahubiri akiwaza shamba.

Jumatatu akaondoka na gari la kwanza. Saa nane mchana Feliciana aliweka maji jikoni. Saa kumi aliyatoa. Jumanne akayaweka tena, akayatoa tena. Alikunywa chai ya rangi na kutafuna kipande cha muhogo mkavu, na darasa la tano siku ile lilipata majaribio mawili ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Jumatano, jua likiwa utosini, Nahumu akaingia. Kasha begani, koti limefungwa mpaka kidevuni.

"Kamwene," akasalimu, akakaa kwenye kigoda chake kana kwamba alitoka kuchota maji.

"Mama, muulize baba leo ni siku gani."

"Baba Shadrack, unaulizwa leo ni siku gani."

"Mwambie Jumatano, na ashukuru ni ya wiki hiihii." Akanyoosha miguu. "Baridi iliyopiga huko njiani sijaiona tangu nizaliwe. Gari liliganda. Si injini, gari zima. Dereva akasema abiria shukeni tuwashe moto chini ya matairi. Nimemwona jogoo kwenye uzio, mdomo wazi, anataka kuwika, sauti haitoki. Mpaka saa nne jua lilipomgonga, ndipo akamalizia. Kwa baridi hiyo kuku wa boksi angeyeyukaje? Siku tatu hizi boksi zimezidi kuwa ngumu. Mwambie aguse."

Feliciana akagusa. Kweli, boksi zote sita zilikuwa ngumu kama tofali. Ziligongana zikalia. Mate yakamjaa mdomoni mpaka akaona aibu. Hakungoja hata kuzipeleka kwa Idda. Maji yalikuwa yameanza kuimba kwenye jiko la mkaa, akachukua boksi la kwanza na kulifungua.

Juu ya boksi kulikuwa na picha: wali kushoto, kuku katikati, njegere kulia, kila kimoja kwenye eneo lake. Ndani ya sinia, wali, kuku na njegere walikuwa wote wamerundikana pembe moja, kama abiria wa gari lililokata kona, na nusu ya pili ya sinia ilikuwa tupu, inang'aa. Mchuzi ulikuwa umevuja nje ya sinia, ukapita kwenye boksi, ukaganda pembeni yake. Na ndani ya huo mchuzi ulioganda, vimelala kama nzi ndani ya mafuta ya taa, vilikuwemo vijipande vitatu vya maranda.

Akafungua la pili. Hivyohivyo. La tatu likiwa na siafu mmoja, naye kaganda.

Kigumu hakitiririki. Somo hilo Feliciana alilifundisha darasa la tano kila mwaka mwezi wa pili, kwa kipande cha mshumaa na kijiko. Ili wali uhame kutoka kushoto kwenda pembeni lazima kwanza ulilainika, na ili maranda yaingie ndani ya barafu lazima kwanza barafu ilikuwa maji. Chakula kile kiliyeyuka. Kiliyeyuka kabisa, kasha likiwa limesimamishwa kwa ubavu, halafu mtu akakigandisha upya.

Alikaa na lile sinia mapajani. Halikuwa na harufu yoyote. Ukilipasha, nani atajua? Mvuke utatoka katikati, wali utakuwa wali. Alikuwa na siku tatu za chai ya rangi tumboni, na njaa ina ulimi mtamu kuliko wakili. Alifikia hatua ya kuliinua kulipeleka jikoni. Mtoto akapiga teke moja, chini ya mbavu za kushoto, mahali ambapo yule wa kwanza naye alipenda kupiga. Yule wa kwanza aliacha kupiga siku ya Alhamisi.

Feliciana alishusha sinia chini. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto, na hakuwa na pa kuipeleka. Mkwe hamwambii baba mkwe kuwa ni mwongo. Hata kupitia kwa mama mkwe, neno hilo halipiti.

"Mama, muulize baba kama ana hakika haikuyeyuka."

"Baba Shadrack, una hakika?"

"Mwambie naapa." Mkono ukaenda kwenye kifungo.

"Unaapa kwa nini?" Telesia aliuliza, hilo la kwake mwenyewe.

"Kwa koti hili na vifungo vyake vyote sita."

Basi Feliciana akageukia jiko. Akaweka sinia kwenye sufuria, akafunika, akangoja. Mvuke ulipopanda akapakua kwenye sahani ya bati, akaleta maji ya kunawa, akapiga magoti kwenye mkeka na kuiweka sahani mbele ya kigoda, macho chini, kama mkwe aliyelelewa.

"Mama, mwambie baba chakula cha kwanza ni cha mkubwa. Mjukuu atakula babu akishakula."

Nahumu aliitazama sahani. Sahani nayo ikamtazama.

"Mwambie nimeshiba."

"Umetoka safarini siku tatu," Telesia akasema. "Umeshiba nini?"

"Baridi."

"Baridi haishibishi. Ingeshibisha, watu wa Makete wote wangekuwa wanene. Kula, mkweo amepiga magoti."

Alichukua kijiko. Akachota wali punje nne. Akapeleka karibu na mdomo, akakumbuka kukohoa, akakirudisha.

"Mwambie nitakula jioni."

"Mama, mwambie baba asijisumbue," Feliciana akasema, taratibu sana, kama anavyosema darasani kabla ya kuokota fimbo. "Kama yeye hana njaa, mimi ninayo. Ameshaapa hakikuyeyuka. Acha nile mimi na mwanangu."

Akavuta sahani, akakamata kijiko.

"Mwanangu, acha."

Telesia alikuwa ameshika kifuniko, akabaki nacho hewani. Miaka mitatu tangu harusi, Nahumu hakuwahi kumwambia Feliciana neno, wala asubuhi njema wala pole. Sasa alikuwa ameinuka kwenye kigoda, amemshika mkono, anamtazama usoni, na sauti yake haikuwa ile ya hadithi.

"Weka chini, mama. Kiliyeyuka. Kiliyeyuka chote, kikawa uji. Weka chini."

Feliciana akaweka. Kijiko hakikuwa kimekaribia mdomo wake hata shubiri moja, na wala hakikuwa na safari ya kufika, ila hilo hakumwambia.

Yakatoka yote, tena bila jogoo. Jumatatu saa nne alishanunua na kupanga kasha vizuri. Akiwa stendi akakutana na Festo, binamu yake wa Kitandililo, akaambiwa kuna pombe ya komoni imeiva leo, hatua mbili tu kutoka hapa. Hatua mbili zikawa mwendo wa baiskeli. Kasha likaegemezwa ukutani kwa ubavu, upande wa jua, maana upande wa kivuli walikaa wanywaji. Alipolikumbuka ilikuwa jioni, linatiririka na siafu wamepanga foleni. Jumanne akarudi nalo dukani kwa Abdulsalam, akamwambia gari lilimharibikia hapohapo stendi, akaomba boksi zilale kwenye friza. Zikalala. Jumatano zikaamka ngumu kama zilivyokuwa.

"Nilifikiri zikishakuwa ngumu tena basi zimerudi kuwa zilezile," alisema. "Maji yakiganda mara mbili si maji?"

"Kuku si maji, baba," Feliciana akajibu, na wote watatu wakasikia kwamba hakusema mama mwambie. "Niliyemzika naye alikuwa wa miezi sita."

Nahumu akarudi kwenye kigoda chake, akaketi.

Telesia alishusha kifuniko. "Uliapa kwa nini?"

"Mama Shadrack, tuseme taratibu."

"Uliapa kwa nini?"

"Koti."

"Vua."

Boksi zote sita zilifukiwa shimoni, hata mbwa hakuonjeshwa. Asubuhi ya Alhamisi, barafu ikiwa imeweka weupe kwenye majani, Nahumu alipanda gari la kwanza kwa shati la mikono mifupi. Alikwenda, akanunua, akazizika boksi kwenye maranda, kasha akalivisha koti na kulifunga vifungo vyote sita, akalipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Festo alimpungia mkono stendi, Nahumu akajifanya kipofu. Saa saba mchana alishuka Njombe, meno yanagongana, na alipoulizwa habari za safari alisema hakuna habari.

Boksi zilikuwa ngumu. Feliciana alifungua moja: wali kushoto, kuku katikati, njegere kulia, kama kwenye picha. Tano zikaenda kwa Idda. Hilo moja likaingia sufuriani, likachemka, akalichoma katikati kwa uma mpaka mvuke ukatoka pale hasa, akangoja tena kidogo kwa ubishi tu. Akala lote. Hakutapika. Kila Alhamisi baada ya hapo Nahumu alikwenda na kurudi. Wiki ya tatu mizani ikasema hamsini na tisa, na nesi Beatrisi akaandika kwenye kadi bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni sifa. Septemba akazaliwa Hyasinta, kilo tatu na robo, na nywele za kutosha watu wawili.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini mwalimu Feliciana, ambaye tangu siku ile anasema nami moja kwa moja, na mara nyingine natamani arudi kwenye desturi, amesoma karatasi hizi akiwa na kalamu nyekundu. Anasema Festo hakunivuta. Ni mimi niliyempeleka yeye kwenye komoni. Hilo nimelikubali. Kisha amerudi mstari wa pili, akaupigia duara.

"Baba, hapa umeapa kwa koti lipi?"

Koti analalia Hyasinta. Limekatwa mikono, limepindwa mara mbili, na kifungo cha juu kimeng'olewa asije akakimeza. Si langu tangu Juni, na aliyeapa kwa mali ya mtoto anatozwa. Jumapili ya Pasaka mtoto anabatizwa, wageni ni wengi, na gunia la viazi limeshaletwa mbele ya kigoda changu, pamoja na kisu. Namenya. Ni gunia moja tu, ingawa kwa macho yangu nayaona manne.